Atelie ya moteri kule Kampemba: kwanza wanapima, njo wanafunga

Nilikuwa na hamu ya kuandika haya tangu siku ile nilipochukua gari kwenye hii atelie ya Kampemba, hapa Lubumbashi, lakini nilijizuia mpaka ifikishe kilomita 5.000, ju hata moteri iliyofungwa vibaya inaweza kuimba vizuri wiki mbili za kwanza, hiyo naijua kwa uchungu. Sasa zimefika 5.340, mafuta hayapungui, moshi hakuna, na jana nimetoka Likasi na watu wanne ndani na mizigo, sindano ya joto haikusogea hata kidogo. Basi naongea.

Gari yangu ni Toyota Altezza ya 1999, ya manueli, yenye moteri 3S-GE. Anayeijua anaijua. Lita 2, silinda 4, haina turbo, na kiwandani waliiandikia nguvu za farasi 210 kwa mizunguko 7.600 kwa dakika. Kulasi yake (kichwa cha juu cha moteri) Toyota walishirikiana na Yamaha kuitengeneza, na hii ya manueli ina supapu (vali) za titani, chuma chepesi sana, kitu ambacho gari nyingi za bei mara tatu hazina. Ni moteri ya michezo iliyofichwa ndani ya gari ya kupeleka watoto shule, na ukiipeleka kwa mtu anayeishika kama moteri ya taksi, atakuharibia. Mimi iliniharibikia mara mbili, mara ya kwanza kosa langu, mara ya pili kosa la mtu.

Kosa langu lilikuwa filtre ya hewa. Niliweka ile ya wazi, ya kufungwa kwa kamba ya chuma, nilipenda mlio wake, halafu kipwa (kiangazi) kikaingia, vumbi nyekundu kila mahali, na kamba ilikuwa imelegea bila mimi kujua. Miezi kama miwili moteri inakunywa vumbi. Vumbi yetu ya Lushi mnaijua, ukichanganya na mafuta inakuwa kama dawa ya kusugulia sufuria, na ndiyo ilikuwa inapanda na kushuka pamoja na pisto mara elfu kadhaa kila dakika. Moshi wa bluu ukaanza, kisha lita nzima ya mafuta kwa kila kilomita 600.

Nikaenda kwa garaji moja, jina naliacha. Wakafungua, wakaweka segimenti mpya (pete za pisto), jointi ya kulasi mpya, wakafunga, siku mbili kazi imekwisha, wakanipigia simu nije nichukue. Nilifurahi sana na ile haraka yao. Lakini katika zile siku mbili hakuna mtu hata mmoja aliyeingiza kipimo ndani ya silinda, na segimenti mpya ndani ya silinda iliyoliwa haiwezi kuziba, inakamata pande mbili, pande zingine inaacha njia. Siku ya 16 moshi ukarudi. Wiki ya tatu nikasikia ile sauti ya chini, to-to-to, ukikanyaga inaongezeka, ukiachia inapungua, nikazima gari palepale barabarani nikaita ya kuvuta. Kusineti (beringi) ya biela ya tatu, ule mkono wa chuma unaoshika pisto, ilikuwa imekwisha. Nilikaa kando ya njia nikiwa na hasira ya kutaka kulia, si ju ya feza peke yake, ni ju ile moteri sikustahili kuipoteza namna ile.

Rafiki yangu anayefanya kazi ya kusoa (kuchomelea) vyuma ndiye alinipeleka kule Kampemba, upande wa viwanda. Kibao hakuna, geti ni ya bluu, ndani kuna mashini mbili kubwa za turu (za kuchonga vyuma kwa kuzungusha), moja ya kualeza silinda (kuzipanua), freza moja (ya kukata vyuma), na meza ndefu iliyofunikwa bati safi. Mwenyewe hataki jina lake lizunguke mtandaoni, nimemuahidi, lakini ukimuuliza turneri yeyote wa upande ule akuoneshe kwa Papa anayejenga moteri za mbio, utafika. Alikaa miaka mingi kwenye atelie za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kule Likasi akichonga shafti za pompu na magia ya mashini za mgodi, sasa anafanya na watoto wake wawili na kijana mwingine. Siku niliyoingia kulikuwa na bloku ya Subaru kwenye stendi, ya kijana mmoja anayevuka Kasumbalesa kwenda kushindana mbio za rali upande wa Zambia, na kando yake moteri ya Land Cruiser ya mazuti (dizeli) imefunikwa shuka nyeupe. Shuka nyeupe ndani ya garaji! Nikajua hapa kuna kitu.

Nilimwaga maneno yangu yote. Nataka kompresio (hewa inavyobanwa ndani ya silinda) ipande, nataka arbre a kame (shafti inayofungua supapu) kali, nataka mizunguko 8.500, nimesoma hivi, nimeona vile. Papa akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikata, kisha akasema:

"Sawa mwanangu. Tupime kwanza, njo tutaongea ya feza."

Kupima chenyewe kilianza na kuosha. Siku nzima ya kuosha. Walitoa vizibo vyote vya njia za mafuta ndani ya bloku, vile vidogo ambavyo garaji nyingi hazivigusi kabisa, wakapitisha brashi ndefu nyembamba, na ile brashi ikatoka na tope nyekundu yenye weusi, laini kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Hiyo tope ilikuwa humo wakati garaji ya kwanza inafunga moteri yangu na kunikabidhi funguo. Yaani kusineti mpya zilikuwa zinanyweshwa mchanga tangu dakika ya kwanza. Papa aliniwekea kidole chenye ile tope mbele ya macho, hakusema kitu, akafuta mkono akaendelea.

Halafu vipimo. Kila silinda wanaipima juu, katikati na chini, na kila pahali mara mbili, kwa urefu wa bloku na kwa upana wake. Silinda 4, hapo tayari namba 24. Vilebrekeni (shafti kubwa inayozungushwa na pisto) ina pahali 5 pa kulalia na 4 pa biela, kila pahali mara mbili, namba 18. Jumla namba 42 zimeandikwa kwenye karatasi kabla mtu hajataja bei. Silinda ya tatu juu ilisoma milimita 86,17, chini 86,02, na ya kiwandani ni 86. Mimi nikaona 0,15 ni kitu kidogo, nikasema hivyo. Papa akachukua karatasi ya kawaida ya fotokopi, akaibana kwenye mikrometa, akanigeuzia nisome mwenyewe: 0,10. "Karatasi moja na nusu," akasema, "njo silinda yako imekulwa vile. Moto unapita hapo." Tangu siku hiyo sijasema tena mia za milimita ni kitu kidogo.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili linanigusa hivi. Mimi usiku nasoma habari za nyumba zinazotengeneza moteri za mbio, na karibu zote zilianza na watu wawili watatu ndani ya chumba kidogo. Cosworth ni jina la watu wawili lililounganishwa, Mike Costin na Keith Duckworth, walianza 1958 kule Uingereza. Mwaka 1967 wakatoa DFV, V8 ya lita 3, Ford wakiwa wametoa pauni 100.000 kwa kazi hiyo, na siku ya kwanza kabisa inaingia kwenye mbio, kule Zandvoort, Uholanzi, Jim Clark akashinda nayo ndani ya Lotus 49. Moteri yenyewe ilikuwa sehemu ya mwili wa gari, magurudumu ya nyuma yalishikwa na moteri na gia, nyuma ya dereva hakuna tena shasi. Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni kilichofuata: waliiuza. Pauni 7.500, na timu ndogo isiyo na kiwanda cha moteri inapata moteri ileile anayoendesha bingwa. Tyrrell, McLaren, Williams, wote walishinda nayo, na mpaka 1983 ilikuwa imeshinda Grand Prix 155. Hata saa 24 za Le Mans ilishinda mara mbili, 1975 na 1980.

Na si wao peke yao. John Judd na Jack Brabham walianza yao 1971 kule Rugby. Mario Illien na Paul Morgan walitoka Cosworth wenyewe wakaanzisha Ilmor, na 1988 moteri yao ikashinda Indianapolis 500 ikiwa na Rick Mears. Ufaransa kuna Mecachrome, ambao leo ndio wanatengeneza V6 ya gari zote za Formula 2. Zile gari za LMP2, daraja moja la gari za mbio ndefu, zinazokimbia Le Mans, tangu 2017 zote zinabeba V8 moja ya lita 4,2 kutoka kwa Gibson. Fikiria hiyo: gari zote, timu zinazogombana, moteri moja. Ikiwa ya timu hii ina nguvu kuliko ya timu ile, Gibson wameharibu kazi. Kwa hiyo usifikiri ufundi wao ni kutoa farasi nyingi peke yake, ni kuhakikisha moteri ya 50 inatoka sawa na ya 5, na hilo hulipati kwa macho wala kwa mkono mwepesi. Unalipata kwa kupima, kuandika, kurudia kupima.

Kwa kipimo hicho njo namhukumu Papa. Simlinganishi na Cosworth kwa mashini, hana hata robo ya robo. Namlinganisha kwa tabia ya kazi.

Wakati wa kualeza ndipo niliona kitu ambacho sijawahi kukiona Lushi. Walipanua silinda zote nne ziingie pisto za 86,5 (hesabu inatoa sentimita za ujazo 2.021 badala ya 1.998, si nguvu ya kuongelea, ni kusafisha tu uharibifu). Lakini kabla ya kumalizia, mtoto wake mkubwa alileta sahani ya chuma ya unene wa milimita 50, yenye matundu makubwa manne, Papa aliichonga mwenyewe. Akaiweka juu ya bloku pahali pa kulasi, akaifunga kwa boloti zilezile za kulasi na kle dinamometriki (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa nguvu ileile ya kitabu. Nikauliza ya nini. Akanishikisha kipimo chenye sindano ndani ya silinda ambayo dakika kumi kabla ilikuwa duara safi, sindano haitembei. Sasa nikizungusha, ikifika upande wa boloti sindano inasogea, mistari miwili, 0,02. Chuma cha kutupwa, kizito vile wanaume wawili wanakibeba kwa shida, kinapindika ju ya boloti! Kwa hiyo ukialeza silinda ikiwa huru, unapata duara mezani na yai ndani ya gari. Ukialeza ikiwa imebanwa na ile sahani, inakuwa yai mezani na duara pale inapofanya kazi. Wakasugua kwa mawe mpaka mistari ikajikata kama kitambaa cha nailoni, hiyo mistari njo inashika mafuta. Nilisimama pale nikisahau hata kula.

Biela nazo. Moteri hii pisto inasafiri milimita 86 kwenda na 86 kurudi, kwa mizunguko 7.600 inakuwa mwendo wa wastani wa karibu mita 21,8 kwa sekunde. Ile DFV, na umaarufu wake wote, kwa mizunguko 9.000 ilikuwa mita 19,4, ju pisto yake ilisafiri milimita 64,77 tu. Kwa hiyo msidharau Altezza. Na nguvu inayovuta biela haipandi sambamba na mizunguko, inapanda kwa mraba: ukitoka 5.000 kwenda 7.600 inazidi mara mbili na zaidi. Gramu chache za tofauti kati ya biela na biela, chini huzisikii, juu zinageuka nyundo. Papa anapima kwa mizani ndogo ya watu wa dhahabu, ilinunuliwa Bukavu na shemeji yake, inasoma sehemu ya kumi ya gramu. Anapima biela nzima, kisha kichwa kikubwa peke yake na kidogo peke yake, amekitengenezea kistendi cha kuning'inizia. Zangu zilipishana gramu 6. Wakasugua ile nzito pole pole, wanapima, wanasugua, mpaka zote nne zikawa ndani ya nusu gramu. Boloti za biela tuliagiza za ARP kutoka Marekani, na hizo hawakuzifunga kwa kle peke yake, walipima kila boloti urefu kabla na baada, ju boloti ya biela inafanya kazi kama springi, inayotakiwa ni kiasi gani imevutika. Kle inaweza kukudanganya kama uzi una uchafu. Urefu ni urefu.

Segimenti vilevile. Kwa moteri isiyo na turbo kanuni yake ni 0,004 mara kipenyo, kwa 86,5 inatoka karibu 0,35 pale ncha mbili zinapokutana. Moja ilisoma 0,33. Mimi ningeiacha. Kijana akaisugua mara mbili tatu, akaosha, akapima, 0,35, ndipo akaandika. Ncha zikigusana moteri ikipata moto, segimenti inakata silinda yako yote mpya, na hakuna dawa.

Kuhusu supapu niseme haraka ila ni muhimu kwa wenye gari kama yangu. Ile garaji ya kwanza walitaka kuzisugua kwa dawa ya kusagia kama za moteri ya kawaida, bahati nzuri hawakupata muda. Papa alishika moja, akaipima mkononi, akaiweka kwenye mizani, akaniangalia: "Hii haina uzito. Nani alikuambia wasugue?" Titani ina ngozi ngumu nyembamba juu, ukiisugua ngozi inatoka na chini ni laini, inajila yenyewe. Akasafisha tu, akatengeneza viti upande wa kulasi, akazirudisha kila moja kwake.

Tulibishana jambo moja, kompresio. Kitabu kinasema 11,5, mimi nilitaka 12,5. Akakataa kabisa. Nikamwambia Papa, sisi tuko mita kama 1.200 juu ya bahari, hewa ni kidogo, ile 210 ya kiwandani hapa kwetu inakuwa 185 hivi, na hewa ikiwa kidogo moteri haigongi haraka (esanzi kulipuka kabla ya saa yake). Akakubali kwamba ni kweli, hakunidharau. Kisha akaniuliza esanzi (petroli) naweka wapi. Nikasema kituoni. "Na ukikwama njia ya Likasi usiku?" Kwa makadhafi, wale wauza esanzi ya chupa, nikasema. Akanyamaza tu. Esanzi ya chupa kando ya njia hujui imechanganywa na nini, na moteri ya 12,5 ikigonga kwa mizunguko 7.000 pisto inatoboka kabla hujashtuka. Nikakubali 11,5. Leo nashukuru, ingawa moyoni bado natamani arbre a kame kali, na nimeamua hiyo ni kazi ya mwaka ujao.

Sasa mabaya, ju si haki niandike mazuri tu. Aliniambia wiki 5, ikawa 11. Wiki 4 katika hizo ni pisto zilikwama njiani, hiyo si yeye, lakini zingine ni umeme kukatika na yeye hataki kualeza kwa jenereta, anasema mwendo wa mashini unayumba na unaonekana ndani ya silinda. Namuelewa, ila angeniambia mapema ningejipanga, nilitembea kwa miguu na kwa motari miezi karibu mitatu. Simu hapokei, WhatsApp hajibu, ukitaka habari uende mwenyewe. Mashini ya kubalansi vilebrekeni hana, na kwa moteri ya mizunguko mingi hilo ni pengo kubwa, tulitumia vilebrekeni ya kiwandani kama ilivyo baada ya kuilainisha. Benchi ya kupimia nguvu ya moteri pia hana, kwa hiyo sitawadanganya kwamba ina farasi kadhaa, sijui mtu atakayekupa namba bila benchi anaitoa wapi. Na wiki ya pili maji yakaanza kuvuja kwenye pompu, jointi ilikaa vibaya. Nilirudi kwa hasira. Hawakubishana, wakafungua mbele yangu, kijana akasema ni yeye aliyeiweka, wakabadilisha bila kunilipisha, na Papa akaniongezea dawa ya kuzuia kutu kwenye radiateri kwa feza yake.

Rodaji (kuizoesha moteri mpya) waliisimamia wenyewe. Dakika 20 za kwanza moteri inawaka mbele yao, kisha mafuta yote nje. Halafu Papa akaingia na mimi kwenye gari, tukashika njia ya Likasi, gia ya tatu na ya nne, naipandisha kutoka 2.500 mpaka 4.500 kwa kukanyaga kweli, naachia ishuke yenyewe, tena, tena. Wengi wanafikiri rodaji ni kutembea pole kama unabeba mayai. Segimenti inataka msukumo wa moto nyuma yake ili ikae kwenye ukuta wa silinda, ukiibembeleza ile mistari inalainika kabla segimenti haijakaa, na utakula mafuta maisha yako yote. Mafuta tulibadilisha tena kilomita 500 na 1.500.

Kila mara filtre ya mafuta wanaikata. Hawatumii msumeno, ju msumeno unatia unga wa chuma na huwezi kujua upi ni wa moteri, wana kikatio kama cha kufungulia mkebe, kimechongwa palepale kwenye turu. Wanakunjua ile karatasi ya ndani juu ya bati nyeupe, kando ya dirisha, wanapitisha sumaku chini. Ya kwanza ilikuwa na unga mwembamba wa kijivu, kawaida ya segimenti zinazokaa. Ya 500 kidogo sana. Ya 1.500 mafuta tu. Nilipiga picha zote tatu, nimeziweka pamoja na picha ya ile tope nyekundu ya mwanzo. Presha ya kompresio siku ile ilisoma kati ya bar 13 na 13,4 kwa silinda zote nne, na hiyo ya kukaribiana njo alikuwa anaitafuta.

Asubuhi baridi ina mlio mdogo, kata-kata-kata, dakika moja hivi mpaka ipate moto. Ni pisto za kufojiwa, zinatanuka zaidi kwa joto kwa hiyo zinaachiwa nafasi kubwa kidogo, tulipewa 0,08. Aliniambia kabla, kwa hiyo sikushtuka. Ikishapata moto inanyamaza, na kuanzia 6.000 ile sauti inabadilika, inakuwa kavu na safi, inapanda bila kutetemeka usukani, jamani, nilikuwa nimesahau kwamba gari hii inaweza kufanya hivyo. Kusema kweli hata ilipokuwa mpya kwangu haikuwa hivi.

Bei: kazi yote dola 780, na vitu (pisto, segimenti, kusineti, boloti, majointi, pompu ya mafuta) dola 1.340 mimi nikiagiza mwenyewe kwa orodha aliyoniandikia. Garaji ya kwanza ilinilipisha 260 na nikapoteza kila kitu. Moteri nzima ya okazio (iliyotumika) kutoka Dubai wangeniletea kwa karibu 1.500, lakini ndani yake hakuna anayejua kuna nini, na karatasi haina.

Ile karatasi ninayo. Kurasa tatu za daftari, mkono wake mwenyewe, kila namba ya kabla na kila namba ya baada, tarehe, na chini ameandika jina lake na la kijana aliyefunga. AMG, watu wa Mercedes kule Ujerumani, wanaweka kibati chenye saini ya fundi mmoja juu ya moteri yake, watu wanapiga picha. Mimi nimeipitisha yangu plastiki na inakaa ndani ya gari pamoja na karti roze, kadi ya gari.

Ukienda, peleka moteri ikiwa imekwisha kutolewa kwenye gari, ju yeye hatoi wala harudishi isipokuwa mmeelewana mapema. Nenda asubuhi, saa moja unusu yuko. Usimwambie una haraka. Beba kitabu cha vipimo cha moteri yako kama unacho, hata kwenye simu, atakupenda kwa hilo. Na boloti za kulasi usizitupe, utazihitaji siku ya kufunga sahani.